Amani ya Mungu au Habari za Mchana

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa chumba cha mama mkwe wangu, Aune. Nilikuwa na bakuli la uji mkononi, naye ananiambia, "Ingia, Reeta. Halafu funga mlango."

Kwa mliochelewa kuanza, yaliyotangulia ni haya. Mimi ni mke wa Eelis, mama wa watoto watatu, na wa nne yuko njiani. Katika kijiji chetu cha kaskazini mwa Ufini, watu wote tunaowaita wa kwetu wanasali katika nyumba moja ya maombi. Kiangazi kilichopita niligundua kwamba siamini tena. Hakukuwa na kisa. Nilikuwa naosha karoti, nikataka kusali kimoyomoyo kama kawaida yangu, nikakuta hakuna ninayeongea naye.

Sikumwambia mtu.

Shemeji yangu Veikka, kaka yake Eelis, alishasema lake miaka mingi nyuma, mezani, ukoo mzima ukiwepo. "Mimi haya mambo siyaamini." Mama yake akalia. Baba yake, aliyekuwa hai bado, akatoka kwenda kupasua kuni. Kisha maisha yakaendelea. Veikka anakuja Krismasi, anakula, anatutengenezea trekta, anarudi zake mjini.

Kilichobadilika ni salamu. Sisi kwa sisi tunapeana mkono na kusema, "Amani ya Mungu." Veikka anapewa mkono uleule, lakini anaambiwa, "Habari za mchana." Na kila jioni watoto wangu wanamtaja kwenye sala zao, baada ya wagonjwa.

Kwa hiyo nilijua ningesalimiwaje. Lakini kwa mwanamke jambo haliishii hapo. Mwanaume akiacha imani, kwetu wanasema ana kichwa kigumu. Mwanamke akiacha, wanasema anaumwa. Orvokki wa ng'ambo ya mto alijaribu kusema. Kesho yake wakaja wanawake watatu na mikate ya iliki, wakamdekia sakafu, wakawakogesha watoto wake. Hakuna aliyemuuliza anafikiri nini. Mpaka leo wanakuja. Mpaka leo watoto wa Orvokki wakienda kulala, anayekaa kitandani mwao ni shangazi yao, na mama anatajwa kwenye sala, baada ya wagonjwa.

Hilo ndilo lililonifunga mdomo. Mengine yote ningeyavumilia.

Sasa turudi mlangoni.

"Funga vizuri," akasema Aune. "Huo mlango una tabia ya kufunguka wenyewe."

Nikausukuma mpaka ukabana. Kwa ugonjwa Aune alikuwa amebaki macho na pua, lakini macho yalikuwa yaleyale, ya mtu anayejua umeficha wapi sukari.

"Eelis yuko wapi?"

"Kiwandani, Mama. Leo wanapanga mbao. Atarudi jioni."

"Vizuri. Simtaki mwanaume humu ndani. Weka huo uji chini. Reeta, nihubirie msamaha."

Kwetu mhubiri halazimiki kuwepo. Muumini yeyote, hata mtoto, anaweza kumwekea mwenzake mkono begani na kumtangazia kwamba dhambi zake zimesamehewa. Sharti ni moja tu: anayetangaza awe muumini.

"Ngoja nimpigie Eelis simu."

"Nimesema wewe."

"Mama, mimi sistahili."

"Najua," akasema. "Tenzi zikiimbwa, wewe unaangalia dirishani. Mdomo unaimba, macho yako nje. Mimi nilikuwa naangalia dari. Zile mbao za dari ya nyumba ya maombi nazijua kuliko ninavyowajua wajukuu wangu."

Bakuli lilikuwa bado mikononi mwangu.

"Usitetemeke, uji utamwagika. Nilikwambia uweke chini." Akavuta pumzi, ikakwama, ikaja. "Mtoto wangu wa tatu alikuwa msichana. Elina. Eelis na Veikka hawamkumbuki, walikuwa hawajazaliwa. Tulipomzika, mhubiri alisema Mungu anachuma maua mazuri kwanza. Nikaangalia lile shimo, nikasikia kimya. Unajua kimya kile ninachokisema?"

"Nakijua, Mama."

"Hakijaondoka mpaka leo. Nimesali na watoto wangu kila jioni juu ya kimya kile. Kama mtu anayeosha vyombo. Unaviosha kwa sababu vimetumika."

"Na Veikka aliposema mezani? Ulilia, Mama. Kila mtu anasimulia ulivyolia."

Akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kikohozi, lakini nilikijua.

"Nililia wivu, mwanangu. Nilimzaa mimi, nikambeba mimi, halafu yeye anakaa pale na sosi ya nyama shavuni, anasema maneno yangu. Anayasema, na anaomba aongezewe viazi!"

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya karoti nilikuwa chumbani na mtu aliyenijua. Nilitaka kumkumbatia, nilitaka kukimbia.

"Kama huamini, Mama, msamaha wa nini?"

"Kwa sababu niliwadanganya. Wanangu wote. Usiku na mchana." Akaupapasa mkono wangu mpaka akaupata. "Muumini akinisamehe, ananisamehe kwa niaba ya mwenye duka. Mimi sitaki hiyo. Nataka anisamehe mtu anayejua ilivyo ngumu. Nisamehe wewe mwenyewe. Lakini tumia maneno yetu. Mengine sina."

Nikaweka mkono begani kwake. Palikuwa mfupa mtupu, kama mpini wa jembe.

"Amini, Aune. Dhambi zako zote zimesamehewa, katika jina na damu ya Yesu."

Akafumba macho. Machozi yakaenda pembeni, yakaingia masikioni. Na mimi, nisiyeamini neno hata moja kati ya yale niliyoyasema, nilihisi kitu kimepita chumbani. Sijui nini. Sijajua mpaka sasa.

"Ule wimbo," akasema baadaye, kama mtu anayesinzia. "Ninaouvuma nikikanda mkate. Eelis anadhani ni tenzi."

"Sote tunadhani ni tenzi, Mama."

"Ni wa dansi. Kulikuwa na jukwaa kando ya ziwa, nilikwenda mara moja kabla sijaolewa. Mara moja tu. Nikacheza mpaka kiatu kikakatika." Akatabasamu na meno yake machache. Kisha akakaza uso. "Haya yote nizike nayo. Niapie."

"Nakuapia, Mama."

Aliondoka duniani kesho yake, Eelis akiwa amemshika mkono.

Nyumba haikutulia. Sisemi mambo ya mizimu, mimi si mtu wa mizimu. Nasema tu kwamba mlango wa kile chumba ulianza kufunguka wenyewe. Ninaufunga naubana, nakwenda jikoni, nikirudi uko wazi, na kile kitanda kitupu kinanitazama. Nikikanda mkate nasikia ule mvumo nyuma yangu, mlaini, unapanda na kushuka. Nasimamisha mikono. Unanyamaza. Naendelea kukanda, unarudi.

Asubuhi moja nikageuka kwa hasira. Alikuwa Siiri, binti yangu mkubwa, anachora huku anavuma.

"Umefundishwa na nani huo?"

"Bibi. Tulikuwa tunauimba pamoja."

Eelis alikuwa anavaa buti. Akampapasa kichwani, macho yamemjaa machozi. "Endelea, binti yangu. Hiyo ndiyo tenzi ya bibi yako. Siku ya mazishi utatuvumia."

"Mwache mtoto," nikasema. "Ataona aibu."

"Aibu ya nini? Ya kumsifu Mungu?"

Nikageukia unga wangu.

Siku ya mazishi theluji ilikuwa imeanza kulegea na makaburini buti zilizama. Tukamshusha Aune pembeni mwa kijiwe kidogo ambacho nilikuwa nakipita kila mwaka bila kukisoma. Elina. Nikasikia kile kimya. Kilikuwa kimetoka tumboni mwa ardhi na kinatusubiri wote kwa heshima.

Baadaye tukaenda nyumba ya maombi kunywa kahawa. Eelis akasimama kuzungumza. Mume wangu si msemaji, na akisema, watu wanamwamini.

"Mama yetu aliondoka katika amani," akasema. "Na aliyemtangazia msamaha wa mwisho ni mke wangu, Reeta. Mama mwenyewe aliniambia. Alisema hajawahi kusikia maneno yale yakisemwa kwa ukweli namna ile."

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa na sinia la mikate ya iliki mikononi. Nilitamani sakafu ipasuke.

Wakaanza kunijia. Mmoja mmoja, wanawake, na mikono yao mikavu ya sabuni. "Amani ya Mungu, Reeta." "Amani ya Mungu, dada yangu." Kila mkono nilioushika ulinichoma.

Wa mwisho alikuwa bibi Hilma, rafiki wa ujanani wa Aune, amevaa kilemba cheusi. Akanivuta kwenye kona ya makoti.

"Nihubirie na mimi, mwanangu."

"Bibi, wapo wahubiri wamejaa pale."

"Wale wananuka kahawa. Nihubirie wewe."

Nikaweka mkono begani kwake, nikasema yale maneno. Alinibana vidole mpaka vikauma. Na nilipoinua macho nikaona anakotazama.

Alikuwa anaangalia mbao za dari.

Nikakimbilia jikoni. Ndani alikuwemo Veikka, mikono ya shati imekunjwa, anaosha vikombe. Ndiye mwanaume pekee kwetu anayeosha vikombe mazishini, kwa sababu ukumbini hana wa kukaa naye.

"Shikamoo, askofu," akasema.

"Veikka, leo usinitanie."

"Nani anatania? Nimekusikia ukisifiwa. Baada ya hapa watakujengea mnara." Akasugua kikombe kilichokwisha kutakata. Akakisugua tena. "Shemeji. Alinitaja?"

"Nani?"

"Usijifanye. Mama. Mwishoni. Alinitaja?"

"Alikutaja."

"Alilia?"

Alilia, ndiyo. Lakini si kama anavyodhani huyu. Nikanyamaza, na ule ukimya wangu akausoma kwa maandishi yake mwenyewe.

"Nilijua." Akaacha kikombe kizame. "Miaka yote hii najiambia, mtu mzima ana haki ya kusema anachofikiri. Sawa. Lakini nilimliza mama yangu mezani, na hakuacha kulia, sivyo? Kila nikija alikuwa ananiangalia kwa namna fulani. Unaikumbuka ile namna? Kama mtu anayeangalia treni inaondoka."

"Naikumbuka."

"Alikuwa ananiona naenda motoni. Mimi siamini moto. Lakini yeye aliuamini, na aliuona kila siku, na mimi ndiye niliyeuwasha." Akajifuta uso kwa kiwiko, povu likabaki kwenye nyusi. "Basi nimechoka, Reeta. Nataka kurudi."

"Kurudi wapi?"

"Hapa. Kwenu. Nitatubu. Niwekee mkono kama ulivyomwekea Mama, tumalize."

"Lakini huamini!"

"Siamini hata chembe. Nitakaa benchi, nitaangalia dari, nitaimba. Angalau Mama asiwe amelia bure."

Akapiga magoti. Jitu zima, fundi wa meli, anapiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, mikono inadondosha maji ya vyombo. Akainamisha shingo.

"Sema, shemeji. Kabla sijaghairi."

Nikainua mkono. Nilikuwa nimeshausema uongo ule mara mbili. Wa tatu ungenigharimu nini? Neno moja, na ukumbini wangeshangilia, na Eelis angempata tena kaka yake, na Siiri angemtoa Veikka kwenye sala za jioni. Mimi ningebaki salama chini ya kelele za furaha yao.

Nikaiangalia ile shingo. Ilikuwa na kijishimo kidogo nyuma, kama cha Eelis, kama cha mwanangu wa mwisho. Nikawaza: huyu ataangalia dari mpaka afe. Kwa ajili ya machozi ya wivu.

Nisamehe, Mama, nikasema moyoni. Na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi nilihisi kuna mtu ninayeongea naye.

"Inuka, Veikka."

"Sema kwanza."

"Inuka, nimekwambia. Mama yako hakulia kwa ajili ya moto. Alilia wivu."

Akainua uso. Nikamweleza yote, haraka, kwa kunong'ona, bomba la maji likiwa wazi ili tusisikike. Elina, kimya, mbao za dari, viazi alivyoomba kuongezewa.

Alisikiliza mdomo wazi. Nilipofika kwenye viazi, akatoa sauti. Sikuweza kujua ni kicheko au kilio, na nadhani hata yeye hakujua.

"Wivu," akasema. "Mama yangu. Wivu!"

"Punguza sauti."

"Na kwa nini akwambie wewe? Ana binti zake, ana..." Akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele, kama vile ndiyo kwanza naingia. "Reeta. Tangu lini?"

"Tangu kiangazi. Nilikuwa naosha karoti."

"Eelis anajua?"

"Hajui. Wala hatajua."

"Toka ukaseme. Sasa hivi. Mimi nilisema, na nipo hai."

"Wewe!" Hasira ilinipanda mpaka mtoto akageuka tumboni. "Wewe ulisema, ukapanda basi kwenda mjini. Ulimwacha mama wa kusali badala yako. Ulipomaliza kutangaza ukweli wako, nani aliwalaza wadogo zako usiku ule? Yeye! Mimi nikisema, nyuma yangu nani yupo? Wananichukulia kitanda cha watoto wangu, Veikka. Wataniletea mikate, na watanichukulia kile kitanda."

Alifunga bomba. Jikoni pakawa kimya, na katika ukimya ule nikasikia kutoka ukumbini mvumo mlaini, unapanda na kushuka.

Nikausukuma mlango. Siiri alikuwa amesimama mbele ya meza ya picha ya bibi yake, nywele zimesukwa, mikono nyuma, anavuma. Ukumbi mzima ulikuwa umeinamisha vichwa. Wahubiri wamefumba macho. Chini ya kiti kimoja tu, kiatu cheusi cha bibi Hilma kilikuwa kinagonga sakafu taratibu, kwa mdundo ambao hakuna tenzi iliyo nao.

Veikka akatoka nyuma yangu, macho mekundu, magoti yamelowa.

Eelis akayaona yale magoti. Uso wake ukafunguka. Sijapata kumwona mume wangu na uso ule, hata siku ya harusi. Akaja kwa hatua kubwa, mkono mbele.

"Reeta amekuhubiria?"

"Amenihubiria," Veikka akasema. "Nimefunguliwa, mdogo wangu. Nimekuwa mwepesi."

Mtu mmoja akaanza kushukuru kwa sauti. Eelis alikuwa analia waziwazi.

"Amani ya Mungu, Veikka!"

Veikka akaushika mkono wa mdogo wake kwa mikono yake miwili, kwa upendo ambao kila mtu aliuona.

"Habari za mchana, Eelis."

Aliyekuwa anashukuru akakatiza. Siiri hakukatiza, mtoto hakuelewa kitu, akaendelea na wimbo wake.

"Basi umelia nini?" Eelis akauliza. "Reeta amekwambia nini humo ndani?"

Na Veikka, ambaye maisha yake yote hajawahi kuufunga mdomo wake, leo akaufunga kabisa. Lakini macho yake yakanijia mimi, mara moja tu, kama mtu anayeomba radhi.

Eelis akayafuata yale macho.

Akanitazama. Aliona nini, sijui. Labda aliona dirisha nililokuwa nikiliangalia Jumapili zote zile. Akatembea kuja kwangu, watu wakimpisha. Akasimama, na akafanya kitu ambacho mume na mke wa kwetu hawafanyiani ukumbini. Akaninyooshea mkono, kama ninavyonyooshewa na mgeni.

"Amani ya Mungu, Reeta," akasema.

Nyuma yake binti yangu anavuma, kiatu cha Hilma kinagonga. Katika maisha yetu salamu ile ina majibu mawili tu, na yote mawili nilikuwa nayo ulimini.

Nikaushika mkono wa mume wangu. Nikafungua mdomo.